Jino Lenye Njia Mbili

Picha ya jino lake ilikuwa imetundikwa ukutani kwenye korido ya kliniki, ndani ya fremu, katikati ya cheti cha mdogo wake na kalenda ya kampuni ya miswaki. Mwenye jino alisimama mbele ya picha hiyo, mdomo wa juu umevimba upande mmoja, akasoma maneno yaliyochapwa chini yake: jino lililojikunja ndani, mzizi umetibiwa na kuzibwa kikamilifu. Akarudia neno la mwisho. Kikamilifu! Tangu alfajiri jino hilohilo lilikuwa likimgonga nyundo mpaka kwenye kona ya jicho, na hapa wagonjwa wa watu walikuwa wakipita na kulitazama kama ushahidi kwamba wamefika mahali pazuri.

Alikuwa mwalimu wa udereva. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amekaa kiti cha pembeni katika gari lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja yake, na wanafunzi walimwita Mwalimu Breki wakidhani hajui. Alijua, na alipenda. Barabarani hakuna aliyemkatisha neno. Ajabu ni kwamba mwanamke huyo aliyeweza kumfokea dereva wa lori la mchanga akaomba radhi, akiingia kwenye kliniki ya mdogo wake alikuwa anapunguza sauti kama mtu aliyeingia msibani.

Si yeye peke yake. Ukoo mzima, kuanzia mama yao mzazi, uliacha kumwita yule kitinda mimba kwa jina lake siku alipohitimu. Akawa Daktari. Daktari ameamka? Daktari amekula? Mpisheni Daktari akae. Ukimpinga Daktari kuhusu mvua, mama alikukata jicho. Na ukitaka kujua mtu anavyovimba kichwa taratibu bila mwenyewe kuhisi, mwambie kwa miaka kumi kwamba hakosei.

Jino lenyewe lilikuwa la juu, la pembeni ya yale mawili makubwa ya mbele, upande wa kulia. Tangu utotoni lilikuwa nene kuliko mwenzake, lina ncha kama kigingi. Miaka miwili iliyopita fizi juu yake ilivimba yenyewe, jino halina tundu la kuonekana wala halijaoza, na mdogo wake alipolipiga eksirei alifurahi mno. Akamweleza dada yake, macho yanang'aa, kwamba jino likiwa bado linaumbwa ndani ya fizi huweza kujikunja, ukuta wake wa nje ukaingia ndani kama kidole cha glavu kilichosukumwa kurudi nyuma. Unapata jino ndani ya jino. Kwa nyuma hubaki kitundu kidogo sana, vijidudu hupita hapo, na siku moja unaamka umevimba bila kujua kosa lako. Alisema wenzake wengi hawajawahi kuliona hata moja. Alilisema hilo mara tatu.

Alikwenda mara nne. Mara nne alilala kwenye kile kiti, shuka la mpira limefunika mdomo, mguu wake wa kulia ukikanyaga breki ambayo haikuwepo. Mwishoni ikapigwa picha, na picha ilikuwa na mstari mweupe ulionyooka katikati ya jino mpaka kwenye ncha ya mzizi. Daktari aliiangalia kama baba anavyoangalia mtoto aliyepita mtihani. Wiki iliyofuata ikaingia kwenye fremu.

Miezi mitano baadaye maumivu yakarudi. Daktari akapiga picha nyingine vilevile kwa mbele, na mstari ulikuwa palepale, mweupe, umenyooka. Akasema jino limepona. Yalipozidi, akasema anasaga meno usingizini kwa sababu ya hasira za kazi, akamtengenezea kifuniko cha plastiki cha kuvaa akilala. Alikivaa. Aliporudi mara ya tatu, mama yao akamwita pembeni na kumuuliza anataka watu waseme nini, dada wa Daktari anazunguka mji mzima ameshika shavu? Basi akanyamaza, akaanza kutafunia upande mmoja na kunywa dawa za maumivu kama njugu. Ilifika mahali akajiuliza kama kweli si kichwa chake kinachomdanganya.

Asubuhi hiyo, Ijumaa, alikuwa amekuja na uvimbe ambao hata kipofu angeuhisi kwa kidole. Mdogo wake alimwangalia akiwa amesimama, glavu mkononi, mgonjwa mwingine ameshakaa kitini. Akamwambia ni fizi tu, asukutue kwa maji ya chumvi. Kisha, mbele ya mgonjwa na mbele ya muuguzi wa meno, akatabasamu.

"Dada, hasira zako ndizo zinazokuumiza. Jino halina neno. Si umeiona picha?"

Damu ilimchemka. Alitaka kumpa vidonge vyake palepale, na ulimi ukagoma, kama unavyogoma siku zote ndani ya nyumba ile. Akatoka. Ndipo aliposimama mbele ya fremu, na ndipo kitu kilipokatika ndani yake. Hakurudi kazini. Aliwasha gari la mafunzo, lenye maandishi makubwa ya kuomba uvumilivu mgongoni, akaenda kwa daktari mwingine wa kwanza aliyemkumbuka, mama mmoja mtu mzima mwenye chumba ghorofani juu ya duka la madaftari.

Mama yule hakuwa na fremu hata moja. Alikuwa na miwani iliyofungwa kamba shingoni, na hakuwa na maneno mengi. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo lilimshangaza mgonjwa wake kiasi cha kumfanya arudie baadhi ya mambo. Akapiga picha moja kwa mbele. Kisha akausogeza mtambo pembeni kidogo, akapiga nyingine jino lilelile. Akaziweka zote mbili juu ya kioo chenye taa na kumwita aje aone.

Ya kwanza ilikuwa sawa na ile ya kwenye fremu, mstari mmoja mweupe. Kwenye ya pili mistari ilikuwa miwili. Mmoja mweupe. Wa pili, uliokuwa umejificha nyuma ya ule mweupe, ulikuwa mweusi, na juu ya ncha ya mzizi kulikuwa na kivuli cha ukubwa wa punje ya njegere.

"Mtu akisimama nyuma ya nguzo, ukiangalia kwa mbele utaona nguzo tu," mama yule alisema. "Sogea pembeni utamwona. Aliyekutibu amesafisha jino la ndani, na ameliziba vizuri sana, mimi mwenyewe nisingeziba vizuri zaidi. Jino lenyewe hajaligusa."

"Hajaligusa?"

"Hata kidogo. Njia halisi ya ndani ya mzizi wake inaoza tangu siku ya kwanza."

Mwalimu wa udereva alilia, na ieleweke kwamba hakulia kwa huzuni. Alilia kama mtu aliyeambiwa kwa mwaka mzima kwamba nyumba yake haivuji, halafu akaonyeshwa tundu kwenye paa. Kifuniko cha plastiki! Maji ya chumvi! Akauliza kama jino linaweza kuokolewa. Mama akamjibu kwamba mfupa umeliwa kidogo lakini inawezekana, wafungue Jumatatu, wasicheleweshe. Akamwandikia dawa ya kutuliza uvimbe, akampa na zile picha mbili. Alipokuwa anavua miwani akauliza kama ana watoto.

Alikuwa naye mmoja, wa miaka kumi.

"Mwangalie nyuma ya meno haya ya pembeni. Mara nyingine jambo hili huenda kwa damu. Ukiona kitundu kidogo, mlete kizibwe kabla vijidudu havijaingia. Ni kazi ya dakika kumi, na hahitaji hata sindano ya ganzi. Ila asije mtu akachimba ndani. Umri huo mzizi haujamaliza kukua. Ukiua leo kiini cha jino, ile nyama hai ya ndani, mzizi unabaki mfupi na mwembamba hivyohivyo maisha yake yote, na siku akiuma kitu kigumu unavunjika."

Jioni hiyo alimkalisha binti yake kwenye meza ya jikoni, akawasha tochi ya simu na kumwambia afungue kinywa. Binti alikuwa anaitwa Chiriku nyumbani, kwa sababu hakuna aliyewahi kummaliza maneno. Nyuma ya jino la kulia, lile la pembeni, kulikuwa na kitundu cheusi kama nukta ya kalamu.

"Mjomba ameshaliona," Chiriku alisema mara tu alipoachiwa taya. Akaendelea bila kuvuta pumzi. Jumatano, mama akiwa kazini, bibi alimpitia shuleni wakaenda kwa mjomba. Mjomba akaweka pamba ya baridi kwenye jino, akasema limekufa. Kesho ndiyo siku ya kulitoboa na kulisafisha kama la mama, na mjomba amesema atapiga picha aiweke pembeni ya ile nyingine. Bibi alisema mama asisumbuliwe mpaka kesho asubuhi, kwa sababu mama siku hizi ana hasira.

Naam, kama hakuwa nazo, alizipata. Alimpigia mdogo wake simu mara sita na haikupokelewa. Alimpigia mama yake, akaambiwa usimwamshe Daktari, ana kazi ya mwanao kesho. Akakata simu katikati ya sentensi, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mama yake tangu azaliwe, na akabaki ameishika mkononi kama aliyeokota kitu cha mtu.

Hakuwa na mpango wa kumnyima mtoto kwenda. Alitaka kwenda naye. Alitaka Daktari amwambie uso kwa uso, na picha mbili mezani.

Bibi alikuwa ameshafika kliniki Jumamosi asubuhi, amekaa kwenye benchi la wagonjwa na mkoba mapajani, amevaa nguo ya kutokea. Alimbusu mjukuu wake, akamwangalia binti yake mdomo uliovimba, akageuza macho. Mwalimu Breki akampita, amemshika Chiriku mkono, akaingia bila kugonga, akaweka zile picha mbili kwenye kioo chenye taa.

Muuguzi wa meno, mama wa makamo aliyefanya kazi hapo tangu kliniki ifunguliwe, aliacha kupanga vyombo. Daktari alisogea, akaangalia ya kwanza, akaangalia ya pili. Aliangalia ya pili kwa muda mrefu. Shingo yake ikabadilika rangi.

"Imepigwa wapi hii?"

"Imepigwa pembeni," dada yake akajibu. "Hatua moja pembeni. Mwaka mzima unaniambia nina wazimu, na ilikuwa hatua moja."

Daktari alivuta pumzi. Lo, laiti angekiri hapo hapo, hadithi hii ingekuwa fupi na dada yake pengine angempenda kama zamani. Lakini mtu aliyezoea kupishwa njia hajui kurudi kinyumenyume. Akasema jino la dada ni gumu, mtu yeyote angeweza kupitiwa, atalifungua tena wiki ijayo. Kisha akanyoosha kidole kwa Chiriku, aliyekuwa ameshavua viatu, akajipandisha kitini na kukaa wima kama askari. Hili la mtoto, alisema, ni jambo jingine kabisa. Hili alilipima. Alipulizia pamba dawa ya baridi, akaiweka kwenye jino, na mwenye jino hai huruka kwa baridi ile. Mtoto hakuhisi kitu. Kiini kimekufa, na kilichokufa hakizibwi juu, huondolewa.

"Mpime tena. Nione."

Akampima tena. Pamba ikatoa moshi mweupe. Akaigusisha jinoni, akauliza kama anahisi baridi. Chiriku akatikisa kichwa. Daktari akamgeukia dada yake na ule uso wake wa siku zote.

Hapo ndipo dada mtu alipoona vidole vya miguu vya mwanawe. Vilikuwa vimejikunja ndani ya soksi. Alikuwa amewafundisha watu wazima elfu moja kuendesha gari, na alijua vizuri mguu wa mtu anayesema haogopi.

"Mwekee na jino la jirani," alisema.

"La jirani ni zima. Halina haja."

"Mwekee."

Akaweka. Chiriku akatikisa kichwa: hahisi. Daktari akakunja uso, akapulizia pamba nyingine, akaweka kwenye jino la upande wa pili. Hahisi. La chini. Hahisi. Machozi mawili yalikuwa yametoka kwenye kona za macho ya mtoto yakateremka mpaka masikioni, na bado kichwa kilikuwa kinatikisika, hapana, hapana, kwa adabu kabisa. Muuguzi alitazama sakafu.

"Kwa hiyo meno yote ya mtoto huyu yamekufa?" Sauti ya Mwalimu Breki sasa ilikuwa ile ya barabarani, na ilijaza chumba. "Yote? Amekuja hapa na kinywa cha maiti? Jumatano uliligusa jino moja, ukapata jibu ulilolitaka, ukafunga kitabu! Hukumgusa hata la jirani. Hata mimi nisiyejua kitu ningemgusa la jirani!"

Daktari alikuwa ameshika kibano na pamba iliyokuwa inayeyuka. Dada yake akainama juu ya kiti, akamuuliza mwanawe kwa nini anadanganya.

Chiriku aliangalia mlango, kule alikokaa bibi. Kisha akamwangalia mama yake, na alikuwa na hasira pia, hasira ya mtoto aliyetii mpaka mwisho halafu akagombezwa.

"Bibi amesema mpwa wa Daktari halii. Na wewe ulisema. Siku ile ya kung'oa jino la utoto. Ulisema mjomba akiniuliza inauma, niseme haiumi, nisimwaibishe."

Alikuwa amesema. Alikumbuka hata mahali, kwenye ngazi za nje, akimfunga mtoto kamba za viatu. Na akili haikuishia hapo. Ilimpeleka mpaka siku yake ya nne kwenye kiti hikihiki, dakika ya mwisho kabla ya kuziba, mdogo wake amemwinamia na kumuuliza: bado linauma? Mama yao alikuwa amesimama palepale mlangoni, ameleta chakula cha Daktari. Na yeye, Mwalimu Breki, aliyewahi kusimamisha msafara wa harusi kwa mkono mmoja, akasema haliumi. Lilikuwa linauma. Mdogo wake akaziba kwa neno lake.

Hasira yake haikupoa kwa kulijua hilo. Iliongezeka, ikakosa mahali pa kukaa. Alimchukia mdogo wake kwa jinsi alivyouliza, alijichukia kwa jinsi alivyojibu, na alipomfikiria mtoto huyu akitobolewa jino zima huku akitikisa kichwa kwa heshima, alimfuta mwanawe machozi kwa kiganja.

"Nisikilize," alimwambia Chiriku. "Nilikosea. Mimi na bibi, wote tumekosea. Sasa atakuwekea tena. Ukihisi baridi, piga kelele. Usiinue mkono. Piga kelele wakusikie mpaka barabarani."

Daktari akapulizia pamba mpya. Akaigusisha kwenye jino lile la pembeni lenye kitundu, lile aliloliandikia kifo, na Chiriku akapiga yowe ambalo huko nje lilimfanya bibi adondoshe mkoba, kisha mtoto akamshika mjomba wake kifundo cha mkono na kukisukuma mbali kwa nguvu zote. Jino lilikuwa hai. Lilikuwa hai kabisa.

Kitundu kikasafishwa na kuzibwa. Daktari aliweka dawa laini ya rangi ya jino, akaigandisha kwa taa ya bluu, akapitisha kidole kuhakikisha haikwaruzi. Zilikuwa dakika kumi, kama yule mama wa ghorofani alivyosema. Alipomaliza alivua glavu, akazikunja, akabaki nazo mkononi.

"Siku ile nilikuuliza, Dada. Kabla sijaziba. Nilikuuliza."

"Uliniuliza. Liliuma. Liliuma ukiziba, liliuma ukipiga picha yako, na linauma sasa hivi nikiongea na wewe."

"Mbona hukusema?"

"Nimesema mwaka mzima baada ya hapo," alisema dada yake. "Ulisikia?"

Daktari akaangalia glavu zake. Kwa sauti ndogo, ambayo dada yake hakuwa ameisikia tangu mdogo wake akiwa na meno ya utoto, akamwomba akae kitini alifungue leo. Akakataa. Akamwambia linafunguliwa Jumatatu, ghorofani, juu ya duka la madaftari, na kama anataka kujifunza aje asimame pembeni. Hakusubiri jibu. Hakujua kama angekuja, na siku ile hakujali.

Bibi alikuwa amesimama kwenye korido, mkoba ameukumbatia kifuani, na wagonjwa watatu kwenye benchi walikuwa wanajifanya wanasoma kalenda.

"Nani aliyepiga kelele vile?" aliuliza kwa sauti ya chini, akitabasamu kwa ajili ya wagonjwa. "Si wewe, mjukuu wangu. Mbele ya watu?"

"Ni mimi, bibi," Chiriku alisema. "Iliuma."

Bibi akamgeukia binti yake, akangoja amkaripie mtoto. Akangoja sana.